Ratiba ya Treni Niliyoipeleka Bila Kukuuliza

Mpendwa shemeji Mukendi,

Dada Umba alinipigia simu Jumanne asubuhi kunijulisha kwamba wamekwisha kukuzika. Alisema mvua ilinyesha Mwene-Ditu tangu alfajiri, kwamba wanafunzi wako wa zamani walipokezana jeneza kutoka kanisani hadi makaburini, na kwamba siku za mwisho hukuteseka sana. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama dirishani mwa ofisi. Nilipotaka kumpa pole alinikatiza, akaniomba jambo moja.

"Andika page moya," alisema. "Batoto habajue kintu ya Kolwezi. Balitoka kule bangali badogo. We njo ulitumika naye. Utuandikie vile alikuwa, tutasoma siku ya kumaliza matanga."

Nilikubali. Nimejaribu mara tatu. Kila mara nilianza na jinsi ulivyonifundisha kazi, na kila mara nilifika mahali ambapo ilinibidi ama niseme uongo ama niache. Kwa hiyo nimeamua kukuandikia wewe, na wengine wasikie.

Ulikuwa tayari mume wa dada yangu nilipoingia kampuni ya migodi. Nyumbani kwa mama ulikuwa shemeji wa kutaniwa: tulikuchelewesha mlangoni, tukadai zawadi kabla ya kukupa kiti. Kazini ulikuwa mhandisi wa usafirishaji, na mimi nilikuwa opereta wa chini kabisa katika chumba cha kompyuta, msichana wa kuandika tarakimu kutoka kwenye karatasi za watu wengine. Siku ya kwanza uliniita "madamu Ngoie" mbele ya wote. Nilidhani unanicheka. Baadaye niliona kwamba unamwita hivyo kila mtu anayefanya kazi yake vizuri.

Shida uliyoileta chumbani mwetu ilikuwa rahisi kueleza. Shaba ilitoka kiwandani Kolwezi ikapakiwa kwenye mabehewa, mabehewa yakaenda Tenke, mahali ambapo njia yetu inakutana na ile kubwa inayopanda kaskazini kuelekea Kasai na kushuka kusini kuelekea Lubumbashi. Pale Tenke treni zinavunjwa na kuungwa upya. Njia ya magharibi, ya Mutshatsha na Dilolo, ilikuwa imefungwa na vita vya Angola, kwa hiyo kila kitu kilipita Tenke. Na kila kitu kilichelewa. Wakubwa wote walisema mabehewa hayatoshi, na kwamba dawa ni kuagiza mengine. Wewe uliuliza swali ambalo halikumpendeza mtu.

"Nani alihesabu?"

Ulikwenda kuhesabu mwenyewe. Kwa majuma kadhaa ulikaa Tenke kwa fundi mmoja wa reli, ukiwa na daftari na saa ya mkononi, ukiandika kila behewa limefika saa ngapi, limesimama wapi, limeondoka saa ngapi. Dada Umba alilalamika kwamba kola za mashati yako zinarudi nyekundu kwa vumbi na hazitakati tena. Mara moja ulinichukua niende nawe, nione chanzo cha zile tarakimu nilizokuwa naandika. Tulikaa kwenye rundo la mataruma tukila mahindi ya kuchemsha. Treni ndefu ilipita ikipiga kelele nami nikaanza kuhesabu mabehewa yake. Ulinigusa bega.

"Hapana kuangalia treni yenye kutembea," ulisema. "Angalia yenye kusimama."

Huko ndiko ulikonieleza uigaji ni nini. Ulisema tutaiambia kompyuta habari zote za njia yetu: kupakia kunachukua muda gani, mizani inapima mabehewa mangapi kwa saa, injini ngapi ni nzima, dereva anachelewa mara ngapi, mvua inakata umeme wa reli mara ngapi. Kisha tutaiacha iendeshe treni za kubuni humo ndani, siku baada ya siku, ikirusha bahati kama mtu anavyorusha kete, nasi tutazame foleni inajaa wapi. Tukitaka kujaribu wazo jipya, hatutamsumbua dereva wala kupoteza shaba. Tutabadilisha mstari mmoja na kuanza upya.

Ulinifundisha kuandika mistari hiyo. Hukuwa mwalimu mpole. Nikikosea ulinyamaza tu, ukingoja nione mwenyewe, na mara nyingine ulingoja mpaka wakati wa chakula. Lakini programu ilipokwisha, uliandika majina mawili kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, lako na langu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Niliipeleka ile karatasi kwa mama akaionyesha kwa watu wote wa kanisa.

Majibu yalikuwa wazi. Mabehewa yalitosha. Tatizo ni kwamba Kolwezi ilikuwa inangoja treni ijae ndipo iiondoe, kwa hiyo treni ndefu zilifika Tenke kwa pamoja, zikakuta injini za njia kubwa zimeondoka au zimelala, zikakaa. Tungeondoa treni fupi kila siku kwa saa ileile, zikiwa zimejaa au la, foleni ya Tenke ingekwisha. Ulilisema hilo mbele ya mkurugenzi kwa sauti ileile ya kutaja hali ya hewa. Alifunua kurasa mbili tatu, akafunga.

"Ile masini yenu," aliuliza, "ilisha kuendesha treni siku gani?"

Watu walicheka. Ripoti iliwekwa kabatini. Ulirudi chumbani mwetu, ukanakili programu kwenye disketi mbili, ukanipa moja.

Baada ya hapo mambo yalianza kuanguka kwa haraka kuliko tulivyozoea kuona vitu vikianguka. Mtambo mmoja ulisimama, kisha mwingine. King'ora cha asubuhi, kile kilichoamsha mtaa mzima wa Kapata, kiliendelea kulia kwa muda ingawa hapakuwa tena na zamu ya kuitwa. Halafu redioni na kwenye mikutano wanasiasa wakaanza kueleza kwa nini. Walisema kazi ziko mikononi mwa wageni. Kwa neno hilo walimaanisha Wakasai. Baba yako aliletwa kutoka Kasai na kampuni akiwa kijana, akachimba mpaka mapafu yake yalipochoka. Wewe ulizaliwa katika hospitali ya kampuni, ukasoma shule ya kampuni, ukapewa nyumba ya kampuni Kapata. Kasai ulikuwa umefika mara moja tu, kwenye harusi.

Vijana walikuja nyumbani kwenu mchana, siku ya Jumatano. Nilikuwepo, nimekuja kumletea dada unga. Hawakuwa watu wa mbali. Wawili niliwajua kwa majina, na wao walijua kwamba sisi kwetu ni Wakatanga, wenyeji wa mkoa. Walizungumza na dada kwa adabu.

"Mama, weye ni wetu, we unaweza kubakia. Bwana yako na batoto yake batoke mbele ya Jumamosi."

Siku ya pili jirani yenu wa mlango wa pili, mama aliyechota maji bomba moja na dada kwa miaka tisa, aliingia na futikamba kupima madirisha kwa ajili ya mapazia yake. Alipima akaondoka. Wewe ulikuwa umekaa mezani. Ulimwangalia, na alipokosea kusoma urefu ulimsahihisha.

Mama yetu alisema dada abaki kwake na watoto watatu, nawe utangulie, mambo yakitulia watakufuata. Alilisema akilia. Dada hakulia.

"Batoto ni bake," alisema. "Na mi ni bibi yake. Kama bananifukuzia bwana, banifukuze na mi."

Mlihamia stesheni na magodoro mawili, masufuria, cherehani na sanduku la vitabu vyako. Mlidhani mtakaa siku moja au mbili. Kulikuwa na maelfu ya watu pale, familia juu ya familia, chini ya maturubai, ndani ya ghala la mizigo, kando ya reli. Treni zilikuja pale zilipotaka. Juma zima lilipita bila hata moja, kisha mbili zikafika siku moja, watu wakakanyagana. Nilikuja kila mchana na bukari, ugali wetu, na majani ya muhogo katika sufuria iliyofungwa kitambaa. Askari wa langoni alizoea kunifunulia sufuria na kunifunikia. Mvua ilipoanza, watoto walianza kuhara, kisha surua ikaingia. Ng'ambo ya reli, kwenye majani, palitokea makaburi mafupi.

Siku moja ulinikabidhi daftari. Ulikuwa umeandika kila treni tangu mlipofika: ilifika lini, ilichukua watu wangapi, ilipakia kwa muda gani, iliondoka lini, na kutoka kwa madereva ulikuwa umejua ilikaa Tenke kwa muda gani. Mwandiko ulikuwa uleule, mistari imenyooka.

"Disketi yako ingali?" uliuliza.

"Ingali."

"Basi weka bantu pa fasi ya shaba."

Sikuelewa. Ulirudia polepole, kwamba nibadilishe mzigo tu, kwamba njia ni ileile, injini ni zilezile, na Tenke ni ileile. Nilikwenda ofisini. Chumba cha kompyuta kilikuwa kimebaki na watu watatu, na hakuna aliyeniuliza ninafanya nini. Nilifuta neno shaba, nikaandika neno watu. Muda wa kupakia tani nikaugeuza muda wa kupandisha familia. Programu haikulalamika. Ilikubali kila kitu.

Majibu yalitoka kwenye karatasi ile ya matundu pembeni, na yalikuwa yaleyale yaliyokuwa kabatini. Msingoje treni ndefu. Ondoeni mabehewa machache kila siku asubuhi, yafike Tenke wakati injini ya kaskazini ipo, yaungwe mara moja. Kwa njia hiyo mtu angengoja stesheni siku chache badala ya majuma mengi. Nilikuletea mbio. Nilikuwa, nisamehe, na furaha.

Ulisoma ukiwa umechuchumaa karibu na reli. Ulisoma mara mbili. Kisha ulisema jambo ambalo sikulitarajia.

"Usipeane kwanza."

"Juu ya nini? Batoto banakufa, shemeji."

"Ninaona." Uliikunja karatasi. "Lakini hapa kuko bantu banangojea kurudia ku manyumba yabo. Banasema Kinshasa itatuma mutu, fujo itaisha. Kama treni inaenda mbio, fujo itaisha kweli, juu hakutabakia mutu wa kurudia. Acha nibaulize bazee. Kesho nitakujibu."

Ulinirudishia ile karatasi niitunze isilowe.

Sasa nafika mahali nilipokuwa nikikwama. Asubuhi yake nilifika mapema kuliko kawaida. Chini ya turubai lililogusana na lenu mtoto mchanga wa kike alikuwa amekufa. Mama yake alikuwa bado amembeba mgongoni na hataki kumfungua. Dada Umba alikuwa amekaa naye. Wewe ulikuwa upande wa pili wa yadi na wazee, nilikuona kwa mbali mmekaa duara, mnazungumza. Ningeweza kungoja. Ilikuwa mwendo wa dakika tano kuja kukuuliza mmeamua nini. Sikuja. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa stesheni, Mkatanga mwenzangu, mtu aliyechoka ambaye hakuwa na ubaya wowote niliouona. Nilimwekea karatasi mezani. Aliuliza imefanywa na nani. Niliogopa kwamba nikisema ni mimi, opereta, ataitupa. Nilichukua kalamu yake nikaandika chini: Mhandisi Mukendi, Usafirishaji.

Jina langu sikuliandika.

Alifuata kila kitu. Labda alikuwa anangoja mtu yeyote amwambie la kufanya. Baada ya siku mbili treni fupi ya kwanza iliondoka asubuhi, na kesho yake nyingine, na nyingine. Foleni ikaanza kupungua kama tulivyoona kwenye karatasi. Yale maturubai ya upande wa ghala yakaondolewa. Makaburi mapya yakawa machache. Kwa siku nne nilitembea mjini nikijiona mtu aliyefanya jambo kubwa.

Siku ya tano stesheni ilijaa tena. Niliwaona waliofika na mwanzoni sikuelewa, kwa sababu hawa hawakuwa watu wa Kapata. Walikuwa wale waliojificha mjini, waliopokewa na mapadri, na wachungaji, na marafiki, na wakwe. Vijana walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba tena, wakisema wazi kwamba sasa hakuna kisingizio, treni iko kila siku. Miongoni mwao nilimwona Mama Kapinga, mwalimu wangu wa darasa la pili. Alikuwa amekaa kwa mchungaji mmoja muda wote huo, amejifungia, mgonjwa wa moyo, akiamini mambo yatapita. Alikaa juu ya begi lake akiwa amevaa viatu vyake vya shule. Nilimsalimu. Aliniuliza kama bado ninaandika kwa mkono wa kushoto.

Siku yenu ya kuondoka ilifika katika juma hilohilo. Nilikuja na mama. Ubaoni, kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu wa stesheni, walikuwa wamebandika ratiba, na mtu aliyeiandika upya kwa herufi kubwa alikuwa ameacha jina lako chini yake kama nilivyoliandika. Watu walikuwa wamesimama mbele yake. Ulipita katikati yao, ukasoma. Mwanamume mmoja alikuuliza kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, kama Mukendi huyo ni wewe. Uligeuka ukanitafuta kwa macho mpaka ukanipata.

Nilitaka kusema habari ya mtoto. Nilisema tu, "Ni mi njo nilipeana."

"Ninajua," ulisema. "Bazee balisema tungoje juma moya."

Kisha ukasema, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu, "Ungeandika jina yako."

Ulimpandisha Ntumba, mtoto wenu wa kwanza, kisha wale wadogo, kisha cherehani. Dada alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Mimi alinishika mkono, haraka, kwa kuwa watu walikuwa wanasukuma. Mama Kapinga alikuwa katika behewa lililofuata. Nilisikia baadaye kwamba alifia njiani, hakufika hata Kamina.

Maisha yako ya huko Mwene-Ditu, Kasai, nayajua kwa barua za dada tu. Hukupata kazi ya uhandisi. Ulifundisha hesabu katika shule ya sekondari, ubao uliopasuka, madarasa ya watoto sabini, na ulijulikana kwamba hukuwahi kuchelewa. Lakini hadithi ya ratiba ilisafiri katika mabehewa yaleyale. Watoto wa Mama Kapinga walikaa parokia yenu. Dada aliandika kwamba kwenye misa watu fulani hawakai benchi moja nanyi, kwamba sokoni alisikia mwanamke akisema huyo ndiye mke wa mpanga treni. Alikuuliza kama ni kweli. Ulimwambia, "Jina ni yangu," ukaendelea kusahihisha madaftari. Aliniandikia hayo mimi, shemeji. Aliandika kwamba alikuwa amekukasirikia mwaka mzima, kwamba hakuelewa mwanamume anawezaje kuwapangia safari watu wake mwenyewe. Nilisoma barua hiyo nikiwa nimekaa kitandani. Nilimjibu juu ya afya ya mama na bei ya unga.

Nilinyamaza namna hiyo kwa miaka. Sina maelezo mazuri. Mwanzoni niliona aibu. Kisha ukimya wenyewe ukawa jambo la kuonea aibu, mpaka kusema kukawa kugumu kuliko lile nililolifanya.

Simu za mkononi zilipofika, ulinipigia mara moja. Dada alikuwa ametoka. Tuliulizana habari za watoto, kisha nikakuuliza kwa nini hujamwambia mtu yeyote. Ulijibu kama ambavyo ungenijibu mwaka ule kwenye chumba cha kompyuta.

"Mufano yetu ilikuwa na kosa," ulisema. "Uliona wapi?"

Nikasema sijui.

"Tuliandika bantu benye kufika ku stesheni kama mvua. Kama kintu yenye kunyesha tu, treni ikuwe ao isikuwe. Lakini balikuwa banaletwa. Na benye kubaleta balikuwa banaangalia treni." Ulikohoa kidogo. "Ile ligne, ule mustari, ni mi niliandika, wakati ya shaba. Shaba haina shida, inakuya vile inakuya. Mi nilisema uweke bantu, na sikubadirisha ile ligne. Njo maana."

Nilikuambia kwamba hilo si sawa na lile nililolifanya mimi. Ulisema ndiyo, si sawa, lakini kila mtu abebe la kwake. Halafu dada aliingia, ukampa simu.

Kazi yangu ya sasa unaijua kidogo. Niko Kolwezi bado. Njia ya magharibi imeanza kufufuka, na kuna yadi mpya ambapo makasha yanahamishwa kutoka kwenye malori kwenda kwenye mabehewa yanayopita Mutshatsha kwenda baharini. Ninaongoza vijana wanne wanaoiga yadi hiyo kwenye kompyuta: kreni, malori, foleni, karatasi za forodha. Kwenye kioo chao malori yanatembea kwa rangi, wanaweza kuyazungusha na kuyatazama kutoka juu kama ndege. Mwaka jana walinionyesha kwa furaha kwamba wakiongeza kreni moja foleni ya malori inakwisha. Niliwauliza malori yanatoka wapi. Wakasema yanafika tu, kwa wastani fulani. Niliwaambia waende wakakae barabarani wawaulize madereva wangefanya nini wakisikia kwamba foleni imekwisha. Walirudi baada ya siku tatu na hesabu nyingine kabisa. Nilisaini ripoti ile nikatoka nje kupunga upepo.

Jambo moja zaidi nililifanya, nalo sijamwambia mtu. Daftari lako lilibaki kwangu. Nililichukua nikaiandika upya ile programu ya zamani, nikausahihisha ule mstari, ili watu waongezeke stesheni kadiri treni zinavyoongezeka. Niliiendesha mara nyingi. Kwa treni za polepole, watoto zaidi wanakufa pale kando ya reli, na watu wengi zaidi wanabaki katika nyumba za marafiki zao mjini. Kwa treni za haraka ni kinyume. Nilitaka iniambie kama nilikosea. Ilinipa safu mbili za tarakimu, na katika safu moja alikuwamo yule mtoto wa kike, katika nyingine Mama Kapinga. Niliizima.

Kwa hiyo sijui kama ratiba ile ilikuwa mbaya. Wewe na wazee mlikuwa na haki ya kuliamua hilo, kwa kuwa maisha yalikuwa yenu, na nilisimama dakika tano kutoka kwenu nikaamua peke yangu. Hilo nalijua. Na najua kwamba nililiweka juu yako, nikakuacha ulibebe kanisani na sokoni na ndani ya nyumba yako mwenyewe, mbele ya mke wako, mpaka Jumatatu walipokuzika. Ntumba na wadogo zako, mnaosikia haya: baba yenu hakuipeleka ile karatasi. Alisema isipelekwe kwanza. Aliyeipeleka ni mimi, mama yenu mdogo. Na watoto wa Mama Kapinga, kama mpo hapo mmeketi, yeyote kati yenu aliyemnyima Mukendi mkono akumbuke kwamba mkono ule haukuandika jina lile.

Nilipomaliza kuandika hapa sikuweza kuituma tu. Nilimpigia dada Umba leo mchana, nikamsomea yote kwenye simu, tangu mwanzo. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika kwenye ratiba nilisikia kiti kikisogezwa. Nilipomaliza nilidhani mtandao umekatika.

"Dada?"

"Niko."

Nikamwambia kwamba naweza kuikabidhi kwa dereva anayekuja huko kesho, itafika kabla ya matanga kwisha, Ntumba ataisoma.

"Hapana," alisema. "Kuya. Utaisoma we mwenyewe, nikikuangalia."

Treni ya kaskazini inaondoka kesho kutwa asubuhi. Nimekwisha kata tiketi. Pumzika, shemeji, na usiwe na haraka ya kunisamehe.

Mimi, shemeji yako mdogo,
Ngoie